"Amri Haikupatikana": Kuzisaka na Kuziendesha Programu Mpya za Mstari wa Amri katika Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia tatizo linalowakumba wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaoanza kutumia programu za mstari wa amri katika utafiti wao. Programu imesakinishwa bila hitilafu, lakini jina lake linapochapwa, tarakilishi hujibu kwamba amri haikupatikana. Makala yanadai kwamba kusakinishwa kwa programu ni jambo moja, na kujulikana kwake kwa ganda linalopokea amri ni jambo jingine. Aidha, yanaonyesha kwamba ujumbe wa kosa, ukisomwa kwa makini kama inavyosomwa matini yoyote ile, humwelekeza msomaji penye suluhisho. Mifano mingi imetolewa katika mfumo wa Ubuntu, na sehemu moja inaugusia mfumo wa Windows.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa fasihi na isimu ya Kiswahili ameitumia tarakilishi kama taipureta iliyoboreshwa: kuandika, kusahihisha na kupiga chapa. Hata hivyo, zipo kazi nyingine za kitaaluma ambazo chombo hiki huzifanya kwa wepesi mkubwa. Mathalani, kinaweza kuhesabu marudio ya maneno katika riwaya nzima, kutoa maandishi kutoka kwenye picha za kurasa za magazeti ya zamani, au kulinganisha matoleo mawili ya utendi mmoja na kubainisha beti zinazotofautiana. Programu zinazozitekeleza kazi hizi vyema aghalabu hazina madirisha wala vitufe vya kubofya. Huamrishwa kwa maneno yaliyochapwa.

Hapa ndipo penye kikwazo. Chukua mfano wa kufikirika wa mwanafunzi wa uzamili anayechunguza maneno ya mkopo katika gazeti la Baraza, lililoanza kuchapishwa Nairobi mwaka 1939. Amepiga picha kurasa 180 na anakusudia kuzigeuza ziwe maandishi yanayoweza kuhesabiwa. Anaelekezwa kwenye programu ya Tesseract, anaisakinisha, kisha anaitafuta katika orodha ya programu zenye picha na haioni. Anaambiwa afungue dirisha la amri. Anachapa jina analolikumbuka na kupata jibu kavu la Kiingereza kwamba amri haikupatikana. Anaisakinisha mara ya pili, na mara ya tatu. Hatimaye rafiki anamshauri aifute tarakilishi nzima na kuuweka mfumo upya. Akiufuata ushauri huo kabla ya kunakili kazi yake mahali pengine, atapoteza picha zote 180 pamoja na sura mbili za tasnifu, ilhali programu aliyoitafuta ilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Lengo la makala haya ni kumwepusha mwanafunzi na hasara ya namna hiyo.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala haya neno tarakilishi limetumiwa kwa maana ileile ya kompyuta. Mstari wa amri ni mahali katika dirisha la maandishi ambapo mtumiaji huchapa amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Folda ni chombo cha kuhifadhia faili, na folda moja huweza kuwa ndani ya nyingine. Njia ni maelezo ya mahali faili ilipo, yakitenganishwa kwa mkwaju. Kwa hivyo /usr/bin/tesseract ni njia inayomaanisha kwamba faili ya tesseract imo katika folda ya bin, iliyo ndani ya folda ya usr, iliyo katika mzizi wa mfumo.

Istilahi iliyo muhimu zaidi ni ganda. Hii ni programu inayoyapokea maneno ya mtumiaji, kuyafasiri na kuiita programu inayohusika. Imeitwa hivyo kwa kuwa hukizunguka kiini cha mfumo kama ganda la yai linavyouzunguka ute. Ganda la Stephen Bourne lilitolewa mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la mfumo wa Unix. Ganda la Bash, lililoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, ndilo linalompokea mtumiaji wa Ubuntu anapofungua dirisha la amri. Tarakilishi za Apple nazo zimetumia ganda liitwalo zsh kama chaguo la kawaida tangu mwaka 2019.

Ni muhimu kutambua kwamba ganda na programu zinazoitwa nalo ni vitu mbalimbali. Ganda halizibebi programu zote tumboni mwake. Kazi yake ni kupokea jina na kwenda kulitafuta.

3.0 Namna Ganda Linavyolitafuta Jina

Utafutaji huu unafanana na huduma ya maktaba. Msomaji hufika mezani na kutaja jina la kitabu. Mkutubi anayo karatasi yenye orodha ya rafu anazoruhusiwa kuzipekua, naye huzipitia moja baada ya nyingine kwa mfuatano ulioandikwa. Akikiona kitabu katika rafu ya kwanza, hukitoa na hajisumbui kuzitazama rafu nyingine. Akifika mwisho wa orodha bila kukiona, hurudi na kusema kwamba hakikupatikana. Kitabu chenyewe huenda kimo katika jengo lilelile, ndani ya sanduku lililoletwa jana. Mkutubi hakudanganya, ila sanduku hilo halimo katika orodha yake.

Karatasi hiyo ya ganda ni kigeu kiitwacho PATH, kinachoandikwa kwa herufi kubwa. Ili kuisoma, mtumiaji huchapa:

echo $PATH

Jibu huwa mfuatano wa folda uliotenganishwa kwa nukta mbili, kwa mfano:

/usr/local/bin:/usr/bin:/bin

Jibu hili linasema hivi: tafuta kwanza katika /usr/local/bin, kisha /usr/bin, na mwisho /bin. Ganda halitaingia katika folda nyingine yoyote. Halitaichungulia folda ya vipakuliwa, wala folda ya nyumbani ya mtumiaji, wala hata folda ambayo mtumiaji amesimama ndani yake wakati huo.

Zipo hali mbili ambapo orodha hii haitumiki. Kwanza, baadhi ya amri zimo ndani ya ganda lenyewe, mathalani cd ya kuhamia folda nyingine. Pili, neno lililochapwa likiwa na mkwaju ndani yake, ganda huchukulia kwamba mtumiaji ametaja njia, na huiendea moja kwa moja. Kanuni hii ya pili ni ufunguo wa mambo mengi yatakayoelezwa hapa chini.

4.0 Kuusoma Ujumbe kama Matini

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, katika mstari wa amri mtumiaji wa Afrika Mashariki kwa kawaida angali anajibiwa kwa Kiingereza, tena kwa Kiingereza cha mkato:

bash: ocrmypdf: command not found

Msomaji aliye na hofu huutafsiri ujumbe huu kwa haraka kuwa "programu haipo". Tafsiri hiyo ina kosa la kisemantiki. Kiswahili hutofautisha waziwazi kati ya "haipo" na "haikupatikana". Kitenzi patikana kimenyambuliwa kutokana na pata, na huonyesha tokeo la kitendo cha kutafuta. Anayesema "mwalimu hakupatikana ofisini" anatoa taarifa kuhusu msako na mahali msako ulipofanyika, wala hadai kwamba mwalimu hayuko duniani. Ujumbe wa ganda una maana hiyohiyo: limetafuta katika folda za orodha yake, na katika hizo hakuna faili yenye jina hilo inayoweza kuendeshwa.

Ujumbe huo una sehemu tatu zinazostahili kuzingatiwa. Neno la kwanza, bash, humtaja msemaji. Katika mfano huu anayelalamika ni ganda, wala si programu iliyoitwa. Neno la pili ni jina lililotafutwa, nalo lafaa kusomwa herufi kwa herufi. Sehemu ya tatu ni hukumu. Hukumu za ganda zinazohusu mada hii ni tatu: kwamba amri haikupatikana, kwamba ruhusa imekataliwa, na kwamba hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Anayezichanganya atatafuta dawa ya kichwa ilhali kinachouma ni jino.

5.0 Vyanzo vya Tatizo na Masuluhisho Yake

5.1 Jina la Kifurushi na Jina la Amri

Chanzo cha kwanza ni rahisi, na pengine ndicho kinachosahaulika zaidi. Katika Ubuntu, programu husakinishwa kwa vifurushi, na jina la kifurushi si lazima liwe jina la amri. Mwanafunzi wa Baraza alichapa:

sudo apt install tesseract-ocr tesseract-ocr-swa

Kifurushi cha kwanza ni programu yenyewe, na cha pili ni data ya lugha ya Kiswahili, inayotambulishwa kwa herufi swa. Baada ya hapo alichapa tesseract-ocr akitaraji kuitikiwa. Amri yenyewe huitwa tesseract, bila mkia. Hali kadhalika, kifurushi cha poppler-utils huleta amri ya pdftotext ya kutoa maandishi katika faili za PDF, na kifurushi cha ripgrep huleta amri yenye herufi mbili tu, rg. Wakati mwingine watunzaji wa Ubuntu hulibadilisha jina ili lisigongane na amri nyingine. Programu inayofahamika kwingineko kama bat hapa huitwa batcat.

Njia ya kulijua jina halisi ni kukiuliza kifurushi kiorodheshe faili zilizotoka humo:

dpkg -L tesseract-ocr | grep bin/

Miongoni mwa mistari itakayoonekana ni /usr/bin/tesseract. Kipande cha mwisho, baada ya mkwaju wa mwisho, ndicho jina la amri. Ikumbukwe pia kwamba mifumo ya jamii ya Unix hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwa ganda la Bash, Tesseract na tesseract ni majina mawili yasiyojuana.

Jina likishajulikana, ukurasa uliopigwa picha hugeuzwa kuwa maandishi kwa amri hii:

tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa

Faili iitwayo ukurasa.txt huzaliwa. Tesseract ilianza kuundwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005. Haina ikoni katika orodha ya programu, na kutoonekana kwake huko si dalili ya kasoro.

5.2 Folda Isiyo katika Orodha

Chanzo cha pili ndicho kiini cha makala haya. Programu nyingine hazisakinishwi kwa ajili ya watumiaji wote wa tarakilishi, bali kwa ajili ya mtumiaji mmoja, ndani ya folda yake ya nyumbani. Ndivyo inavyokuwa kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Python zinaposakinishwa kwa chombo cha pipx. Mfano mzuri ni ocrmypdf, inayoitegemea Tesseract na yenye uwezo wa kuishughulikia PDF nzima yenye kurasa nyingi kwa mkupuo mmoja. Amri yake huwekwa katika folda ya .local/bin ndani ya folda ya nyumbani. Folda hiyo isipokuwa katika orodha ya PATH, ganda halitaijua.

Kwanza, mtumiaji athibitishe kwamba faili ipo:

find ~ -name ocrmypdf

Alama ya ~ husimamia folda ya nyumbani. Amri hii huipekua folda yote na kutaja kila mahali faili yenye jina hilo ilipo. Mstari unaofaa kutazamwa ni ule unaoishia na .local/bin/ocrmypdf. Ukionekana, basi mashaka ya kwamba usakinishaji ulishindikana yaondoke. Programu yaweza kuendeshwa papo hapo kwa kuitaja njia yake kamili:

~/.local/bin/ocrmypdf --version

Kwa kuwa kuna mkwaju, ganda haliulizi orodha. Likijibiwa kwa namba ya toleo, imethibitika kwamba programu ni nzima na kilichobaki ni kuitambulisha tu.

Kuitambulisha ni kuiongeza folda katika orodha:

export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"

Amri hii yapasa kuchapwa kwa uangalifu. Sehemu ya :$PATH iliyo mwishoni huirudisha orodha ya zamani nyuma ya folda mpya. Mtumiaji akiisahau, atakuwa ameifuta orodha yote na kubakisha folda moja, na hata amri ya kawaida kama ls haitapatikana tena. Bahati njema ni kwamba mabadiliko haya hudumu katika dirisha hilo peke yake. Alifunge, afungue jingine, na mambo yatakuwa kama yalivyokuwa.

Sifa hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini amri iliyofanya kazi jioni hukataa asubuhi. Ili mabadiliko yadumu, mstari huo huandikwa mwishoni mwa faili ya .bashrc iliyo katika folda ya nyumbani, ambayo husomwa kila dirisha jipya linapofunguliwa. Watumiaji wa pipx wanaweza kuchapa pipx ensurepath, na chombo hicho kitawaandikia mstari wenyewe. Baada ya hapo ni lazima kufungua dirisha jipya, kwani lile la zamani lingali limeshika karatasi ya zamani.

Ubuntu ina jambo jingine linalofanana na mazingaombwe kwa asiyelijua. Faili yake ya .profile huiongeza folda ya .local/bin katika orodha mtumiaji anapoingia kwenye tarakilishi kwa nywila yake, lakini kwa sharti kwamba folda hiyo tayari ipo. Programu ya kwanza inaposakinishwa humo, folda huzaliwa baada ya mtumiaji kuingia, na kwa hivyo haimo katika orodha ya siku hiyo. Akitoka na kuingia upya, amri huitika. Ndiyo maana wengi husimulia kwamba programu "ilijitengeneza yenyewe" baada ya kuizima tarakilishi.

5.3 Ruhusa ya Kuendeshwa

Chanzo cha tatu huhusu faili zinazopokewa mkononi. Tuseme mhadhiri au mwanafunzi mwenza ameandika programu fupi ya kuhesabu maneno na kuiita hesabu.sh. Ndani yake mna mistari miwili:

#!/bin/bash
tr -cs "[:alpha:]'" '\n' < "$1" | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -c | sort -rn

Mstari wa pili huyakata maandishi yawe neno moja kila mstari, huzigeuza herufi kubwa kuwa ndogo, huyapanga maneno, huyahesabu, na kuyapanga tena kuanzia lenye marudio mengi. Muundo huu unatokana na ule ambao Doug McIlroy aliutoa mwaka 1986 katika jarida la Communications of the ACM, alipoonyesha kwamba kazi ya kuhesabu maneno inaweza kufanywa kwa amri sita ndogo zilizounganishwa.

Mwanafunzi anaihifadhi faili hii katika folda yake na kuchapa hesabu.sh. Amri haikupatikana, kwa kuwa folda aliyomo haiko katika orodha. Anapaswa kuandika nukta na mkwaju mbele ya jina, maana nukta husimamia "folda hii niliyomo":

./hesabu.sh baraza.txt

Sasa anapata hukumu nyingine: ruhusa imekataliwa. Asikate tamaa, kwa maana hiyo ni hatua mbele. Faili imepatikana, ila haijapewa ruhusa ya kuendeshwa. Ruhusa hutolewa hivi:

chmod +x hesabu.sh

Hata hivyo, ikiwa faili ingali kwenye flashi, huenda amri ya chmod isibadilishe kitu. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT, ambao hauna mahali pa kuandikia ruhusa za namna hii. Suluhisho ni kuinakili faili kwenye folda ya nyumbani kisha kuipa ruhusa huko, au kumkabidhi msomaji wake moja kwa moja kwa kuchapa bash hesabu.sh baraza.txt.

5.4 Faili Iliyopo Inayodaiwa Kutokuwapo

Hukumu ya tatu ndiyo inayowachosha watu zaidi. Mwanafunzi anaiona hesabu.sh kwa macho yake, ameipa ruhusa, lakini anaambiwa kwamba hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Aghalabu faili hiyo iliandikwa au kuhaririwa katika Windows. Mfumo huo humalizia kila mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, ilhali Unix hutumia moja. Herufi ya ziada hujibandika kwenye mstari wa kwanza, na mfumo huenda kumtafuta msomaji aitwaye /bin/bash mwenye mkia usioonekana. Asiyekuwapo ni huyo msomaji mwenye mkia, wala si faili ya mwanafunzi. Mkia hukatwa hivi:

sed -i 's/\r$//' hesabu.sh

5.5 Kumbukumbu ya Ganda

Ganda la Bash likiipata programu mara moja, huikumbuka njia yake ili lisiitafute tena. Programu ikihamishwa, ganda huendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani na kudai kwamba faili haipo. Amri ya hash -r hulifanya lisahau na kuanza kutafuta upya.

6.0 Mfuatano wa Orodha na Suala la Usalama

Baadhi ya watumiaji hujiuliza: kwa nini ganda lisitafute tu katika folda zote? Jibu la kwanza ni muda. Jibu la pili, lenye uzito zaidi, ni usalama. Ganda huchukua faili ya kwanza linayoipata. Endapo folda aliyomo mtumiaji ingekuwa mwanzoni mwa orodha, mtu mwenye nia mbaya angeweza kuacha katika folda ya pamoja ya maabara faili iitwayo ls, yenye kazi ya kufuta au kuiba. Mwanafunzi angeingia humo, achape ls ili aone yaliyomo, na kumbe ameiendesha ya mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile nukta na mkwaju inayoonekana kama usumbufu ni tamko la mtumiaji kwamba ameikusudia faili hiyo mahususi.

Mfuatano huleta pia mkanganyiko usio na hila. Tarakilishi moja huweza kuwa na matoleo mawili ya programu moja, na lililo katika folda ya mbele ndilo hujibu. Ni sawa na neno lenye maana mbili katika lahaja mbili: atakayeulizwa kwanza ndiye atakayetoa maana. Ili kujua matoleo yote na lipi limetangulia, mtumiaji huchapa:

type -a tesseract

Mstari wa kwanza wa jibu ndio unaoitika. Mtafiti anayetoa takwimu katika tasnifu ana wajibu wa kujua ni toleo lipi lililozitoa.

7.0 Hali katika Windows

Maabara nyingi za vyuo hutumia Windows, na kanuni ni ileile kwa sura nyingine. Orodha huitwa Path, na folda zake hutenganishwa kwa nukta mkato. Kisakinishi cha Tesseract mara nyingi huiweka programu katika folda ya C:\Program Files\Tesseract-OCR bila kuiongeza folda hiyo kwenye orodha. Katika dirisha la kawaida la amri, where tesseract huonyesha mahali programu ilipo ikiwa imo katika orodha. Katika PowerShell amri inayofaa ni Get-Command tesseract.

Ikiwa haimo, mtumiaji huitaja njia kamili ndani ya alama za mtajo, kwa sababu jina la folda lina nafasi. PowerShell hudai alama ya & mbele yake:

& "C:\Program Files\Tesseract-OCR\tesseract.exe" --version

Ili kuiongeza folda kwa kudumu, hufunguliwa sehemu ya vigeu vya mazingira katika mipangilio ya mfumo, na folda huandikwa kwenye Path ya mtumiaji. Sehemu hiyo ya mtumiaji haihitaji mamlaka ya msimamizi wa maabara. Hapa pia madirisha yaliyokwisha kufunguliwa hayatambui badiliko, na sharti yafungwe.

8.0 Programu Inapoitika

Kupatikana kwa programu si mwisho wa uangalifu. Katika hesabu.sh mna alama ndogo ambayo mgeni wa Kiswahili angeiacha: ritifaa, iliyowekwa kando ya herufi katika amri ya tr. Ikiondolewa, ng'ombe hukatwa vipande viwili, "ng" na "ombe", na takwimu huonyesha maneno ambayo hayamo katika lugha. Ng'oa, ng'ara na ung'eng'e hupatwa na masaibu hayohayo. Zaidi ya hayo, faili iliyotoka kwenye programu za uandishi huenda ikawa na ritifaa iliyopinda, ambayo tr haiitambui. Ni vyema kuinyoosha kwanza:

sed -i "s/’/'/g" baraza.txt

Mifano mingi ya programu hizi huandikwa kwa kuzingatia Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua kuzifungua na kuzirekebisha atalazimika kuyakubali matokeo yaliyopikwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ujumbe wa kutopatikana kwa amri ni taarifa ya msako uliofanywa katika folda chache zinazojulikana. Mwanafunzi anayekutana nao ana maswali machache ya kujiuliza kwa utaratibu: jina nililochapa ni jina la amri au la kifurushi? Faili yenyewe iko wapi? Je, folda hiyo imo katika PATH? Nimefungua dirisha jipya? Ikiwa hukumu ni ya ruhusa au ya faili kutokuwapo, basi ajue kwamba ameshavuka hatua ya kutafuta na atazame faili yenyewe.

Mwanafunzi wa Baraza hakuhitaji kuifuta tarakilishi yake. Alihitaji kuondoa mkia wa herufi nne kwenye jina alilolichapa. Fani ya Kiswahili humfundisha mtu kupima tofauti kati ya neno na neno, na ujuzi huo una kazi mbele ya tarakilishi kama ulivyo na kazi mbele ya shairi. Kabla ya kufuta chochote, na ausome ujumbe mara ya pili.